Mkataji na Futi ya Ndotoni

Jina lake lote, kama lilivyotajwa kwa kila mgeni aliyeingia karakanani kuuliza nani hapa anakata, ni Mkasi Hautetemeki, binti wa Mama Chaki, mjukuu wa Bibi Sindano ya Gunia. Bibi huyo alishona maturubai ya malori kwa sindano iliyopinda, na lori lililofunikwa kwa kazi yake lilirudi safari ya pili likifuatwa na mengine, yote yanamtaka mshonaji huyohuyo. Mama Chaki alikata koti la hakimu na koti la mchukuzi kwa uangalifu uleule, na hakuna aliyewahi kurudisha nguo akisema kwapa linabana. Na huyu wa tatu, miaka arobaini na minane mezani, alikuwa amewakatia suti walimu wakuu watatu wa shule moja, mapazia ya mahakama, na gauni la bibi harusi aliyebadili bwana lakini hakubadili gauni.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye cherehani tano zimepangwa kufuata madirisha ya barabarani. Mwisho kabisa, chini ya taa, ilikaa meza ya kukatia, kingo zake zimelika kwa viwiko, mguu mmoja umekalishwa juu ya boksi lililokunjwa. Mwenye karakana alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mpole aliyeweka kalamu nyuma ya sikio kisha akaitafuta asubuhi nzima. Cherehani ya kwanza kutoka mezani ilikuwa ya wifi yake, dada wa haohao wawili, mwanamke ambaye ulimi wake ulikwenda mbio kuliko mashine yake, na mashine yake haikuwa ya pole.

Ndoto ilianza mwaka Mkasi alipofikisha miaka sitini na mitatu, umri uleule aliofia mama yake. Ilikuwa ndoto moja, haibadiliki. Yuko mezani, kitambaa cha kijivu kinaingia kutoka mlangoni wala hakina mwisho, naye anakata. Mkasi unafika ukingoni mwa kitambaa, hausimami. Unakata meza. Unakata sakafu. Nyumba inapasuka vipande viwili kama kuni kavu, na ng'ambo ya ufa amesimama mama yake, mikono kaikunja kifuani, hasemi neno. Hapo anaamka, jasho linamtiririka, na usingizi haurudi. Anakaa kitandani mpaka kuche.

Kwa nini mama hasemi, alijua, au alidhani anajua. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alipewa kitambaa cha kijivu cha mteja akate koti, akakata vipande viwili vya mbele, vyote vya kushoto. Kitambaa kingine kama hicho hakikuwepo dukani. Mama Chaki alifumua koti lake mwenyewe, la pekee, la kijivu vilevile, akatoa kipande na kumalizia kazi ya mteja. Baridi ya mwaka ule alijifunga shuka mabegani. Kadiri Mkasi alivyokumbuka, mama hakumwambia neno juu ya jambo lile, siku ile wala mpaka anaingia kaburini. Na neno lisilosemwa, waliolelewa na mama wakali wanajua, ni zito kuliko kofi.

Sasa, mwili ukiunyima usingizi, unajichukulia wenyewe. Mkasi akaanza kusinzia akiwa amesimama, macho wazi, kama farasi. Jumanne moja alitandika tabaka kumi na mbili za kitambaa cha masweta mazito ya shule, akakata mikono. Asiyeshona aelewe hivi: mikono ya nguo haifanani, ni kama viatu. Ukishakata ya kushoto, unageuza kiolezo, ile karatasi ngumu yenye umbo la mkono, ndipo unakata ya kulia. Usipogeuza, umepata viatu viwili vya mguu mmoja. Mkasi alikata, akasogeza kiolezo, akakata tena. Hakugeuza.

Wifi ndiye aliyegundua, alipochukua vipande avishone.

"Wifi," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "watoto wa shule hii ni pweza?"

"Pweza wa nini?"

"Nimehesabu mikono ishirini na minne, yote ya kushoto. Hata pweza angelalamika."

Karakana nzima ikacheka. Mkasi naye alicheka, wa mwisho kuanza na wa kwanza kunyamaza.

Shemeji alingoja mpaka wengine walipotoka kula. "Kuteleza si kuanguka, shemeji," akasema, huku akipapasa kalamu. "Lakini kuna kazi ya chuo cha ufundi, majoho sitini ya wahitimu. Kitambaa kinatoka mbali, kinaletwa mita zilezile, hakuna ya akiba. Kitafika baada ya wiki saba. Nikikuona bado unasinzia, mkasi nitampa wifi yako, wewe utakaa pale dirishani ushone vifungo."

"Vifungo?"

"Vifungo navyo ni kazi."

"Shemeji, mimi vifungo nilishona nikiwa na meno ya utotoni."

"Ndiyo maana nimekupa wiki saba, sikukupa leo."

Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuuma Mkasi zaidi, kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Meza ile ndiyo iliyompa jina. Akipelekwa dirishani, wageni wataambiwa nani anakata?

Msaada ulitoka kwa mteja. Nesi mmoja, mwanamke wa miaka arobaini hivi, alikuja kupimwa sare. Mkasi alikuwa amepiga magoti kumwekea pini kwenye pindo, usingizi ukamvuta, na pini ikaenda isikotakiwa.

"Mama, hiyo ni nyama."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshakusamehe. Mimi nawadunga watu kila siku, leo nimelipizwa. Ila niambie, unalala wewe?"

"Kulala nalala. Shida ni kuamka."

Akamsimulia ndoto yote pale sakafuni, na pini mdomoni. Nesi hakucheka, wala hakuahidi dawa. Alisema yeye mwenyewe, zamu zilipomvuruga usingizi, alijifunza kujijua ndotoni: yaani unaota, na ukiwa humohumo ndani unajua kwamba unaota.

"Nikishajua nifanye nini?"

"Utakacho. Wengine huruka angani. Wewe unaweza kuweka mkasi chini, basi."

"Na nikitaka kutoka?"

"Utaamka. Si umeamka kila siku mpaka leo?"

Kisha akamfundisha, huku akigeuka taratibu ili pindo lipimwe. Awe na daftari kando ya kitanda. Akiamka asitikisike, akumbuke kwanza, ndipo aandike, hata kama ni neno moja, maana asiyezijua ndoto zake atazitambuaje akizikuta? Mchana ajiulize kama yuko macho, na ajipime: abonyeze kidole kiganjani, kwa sababu ndotoni mara nyingi kidole hupenya. Na kwa kuwa alfajiri anaamka hata hivyo, asikae kuhesabu nyufa za ukuta. Aandike, akae kidogo, kisha arudi kitandani akijiambia, "Nikiota tena, nitajua naota." Usingizi ule wa kurudia ndio wenye ndoto nyingi.

"Itachukua siku ngapi?"

"Mama, wewe kukata koti ulijifunza kwa siku ngapi?"

Hilo lilikuwa jibu la mtu wa kazi.

Juma la kwanza daftari lilikuwa aibu tupu. *Jumatano: kijani. Alhamisi: kuku, au kofia. Ijumaa: sikumbuki, ila nilikasirika.* Wifi, ambaye haku­wahi kuona karatasi asiisome, akaisoma.

"Kuku au kofia? Wifi, hata ndotoni unahitaji miwani?"

"Rudisha daftari langu."

"Narudisha. Ila ukipata uhakika wa kuku, niambie, nije na sufuria."

Juma la pili maneno yakawa mistari, na mistari ikawa ukurasa. Mkasi akashangaa jinsi kichwa chake kilivyokuwa na shughuli bila yeye kuambiwa: harusi, mitihani ya darasa la nne, mlango wa karakana unaofunguka jikoni kwake. Mchana alibonyeza kiganja mara thelathini. Mteja mmoja akamshauri apake mafuta, akidhani ni upele.

Lakini kujijua hakukuja. Alipoota tena ile ndoto, katikati ya kukata, swali lilimjia kweli: niko macho? Badala ya kujipima, akamgeukia wifi yake wa ndotoni, aliyekuwa ameketi penye cherehani yake, ana masharubu. "Wifi, niko macho?" Wifi akamjibu, "Uko macho, kata!" Naye akakata, meza, sakafu, nyumba.

Kesho yake alimkabili mezani. "Jana ulinidanganya."

"Mimi? Jana nilikuwa kwangu, nakoroma."

"Nilikuuliza kama niko macho, ukasema niko macho."

"Nilikuwaje?"

"Ulikuwa na masharubu."

"Na hukushtuka?"

"Nilidhani umechelewa kunyoa."

Wifi alicheka mpaka uzi ukakatika kwenye cherehani. Mkasi hakucheka. Alikuwa anafikiri. Aliona kosa lake lilipo: kiganja alikibonyeza kama mtu anayejikuna, mkono hapa, akili sokoni. Kipimo kile kilikuwa cha nesi, hakikuwa chake. Mtu wa meza hupima kwa futi.

Futi ile ya kitambaa ilining'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni, na kwa siku aliigusa mara mia mbili. Kuanzia siku ile, kila alipopima, alisoma namba, akatazama dirishani, akasoma tena. Namba ikiwa ileile, alijiambia, "Niko macho," naye alimaanisha. Ilimchelewesha kidogo. Shemeji aliona, akaendelea kutafuta kalamu.

Juma la nne, katika usingizi wa kurudia, aliota anapima mlango wa nyumba asiyoijua. Futi ikasema hamsini na nane. Akatazama dirishani. Futi ikasema kumi na nne. Akatazama tena, na mahali pa namba palikuwa na picha ya ufunguo. Hakuna futi yenye ufunguo. "Naota!" akapiga kelele kwa furaha, na kelele hiyohiyo ikamwamsha.

Nesi alipokuja kuchukua sare yake aliambiwa habari hiyo kabla hajaketi.

"Vizuri sana. Ila furaha ni jogoo, inaamsha watu. Ukijua, tulia. Sugua viganja vyako, tazama kitu kimoja kilicho karibu, usikimbilie kitu."

"Nisugue kama najipangusa chaki?"

"Hivyohivyo."

Juma la tano alijijua mara mbili. Mara ya kwanza alijipangusa chaki ya ndotoni, akasimama kwenye barabara tupu akitazama kifungo cha mkono wa gauni lake, matundu manne, uzi mweusi, muda wa kutosha kuvuta pumzi kumi. Mara ya pili akapanda juu ya kabati lake la nguo na kukaa huko, kwa kuwa hakuna wa kumwuliza mtu mzima anatafuta nini juu ya kabati. Aliviandika vyote. Lakini zilikuwa ndoto nyingine. Ile ya kijivu alikuwa hajakutana nayo akijua.

Ndipo tamaa ikaingia. Akaanza kujiamsha mara mbili badala ya moja, akarudia maneno ya nesi kama mtoto anayekariri, akasoma futi hata anapokunywa chai. Siku tisa hakuambulia kitu. Usingizi wenyewe ukamkimbia, na siku ya tisa ndoto ya kijivu ikaja na ukali wake wote. Asubuhi hiyo alisinzia mezani, kidevu kikagusa kifua, na alipofumbua macho alimwona shemeji ameshika kalamu, anaandika kitu kwenye kitabu cha kazi. Saa ya chakula akamwona wifi yake, peke yake mwisho wa chumba, ametandika gazeti la zamani, anakata umbo la mkono. Akakata, akageuza kiolezo, akakata tena.

Mkasi alisimama mlangoni bila kuonekana. Iliyomchoma haikuwa kwamba wifi anafanya mazoezi. Ni kwamba alikuwa anakata vizuri.

Jioni aliliweka daftari mahali pake, akajiambia maneno ya nesi mara moja tu, kisha akasema kwa sauti kwenye chumba kitupu, "Leo nalala tu." Na akalala tu. Kesho yake vilevile. Futi akaiachia kazi zake za mchana. Siku ya nne akajijua tena ndotoni, bila kujikaza, kama mtu anayekumbuka jina alipoacha kulitafuta.

Kitambaa cha majoho kilifika Jumamosi, marobota mawili meusi. Shemeji alisema kitakatwa Jumatatu, wala hakusema na nani.

Jumapili baada ya chakula cha mchana Mkasi alijinyoosha kidogo, jua likipita pazia. Na hapo ikaja. Meza, kitambaa cha kijivu kutoka mlangoni, mkasi unakwenda. Mkono wake wa kushoto ukaenda shingoni kwa mazoea. Sitini na moja. Akatazama dirishani. Tatu. Akatazama tena. Namba zilikuwa zinatembea kama siafu.

Hakupiga kelele. Alijipangusa viganja. Kisha akaweka mkasi mezani, na mkasi, ambao miezi yote ile haukusimama, ukakaa pale kama mkasi mwingine wowote. Sakafu ilikuwa nzima. Mama yake alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono kaikunja. Mkasi akazunguka meza akamkaribia. Alijua vizuri kwamba hazungumzi na marehemu. Anazungumza na kichwa chake mwenyewe. Hata hivyo akauliza.

"Mama, ulikasirika?"

Mama Chaki akakunjua mikono, akapapasa meza, akainua kitambaa, akachungulia chini yake.

"Nani ameficha chaki yangu?" akasema.

Mkasi akaamka anacheka, machozi yanaingia masikioni.

Maana alikumbuka. Halikuwa neno la ndotoni tu. Siku ile ya koti, mama alipokwisha kufumua nguo yake na kutandika kipande mezani, ndivyo alivyosema, kama alivyosema kila siku ya Mungu, na chaki ilikuwa mfukoni mwa Mkasi, kama ilivyokuwa kila siku. Akaitoa, akampa. Mama akachora, kazi ikaendelea. Hicho ndicho kimya alichokibeba karibu miaka hamsini. Hakikuwa kimya. Mama alikuwa anatafuta chaki.

Jumatatu alifika wa kwanza. Shemeji alipoingia alikuta kitambaa kimeshatandikwa, tabaka thelathini, zimebanwa kwa vyuma, na Mkasi amesimama mbele yake anatazama dirishani.

"Shemeji, unasinzia?"

"Nahakikisha niko macho."

"Na?"

Akasoma futi mara ya pili. "Niko."

Akakata mikono ya kushoto. Chumba kizima kilikuwa kimepunguza mashine bila kuambiwa. Akainua kiolezo juu ili wote wakione, akakigeuza taratibu, akakilaza. Akakata ya kulia. Akatandika tena, akarudia. Mpaka saa nane alikuwa hajakaa, na mkasi, kama jina lilivyosema, haukutetemeka. Wifi ndiye aliyepanga jozi sakafuni, kushoto na kulia, kushoto na kulia, akihesabu kwa sauti mpaka sitini na sitini.

"Hakuna pweza," akatangaza.

Shemeji alitoa kalamu nyuma ya sikio, akafungua kitabu cha kazi, akafuta mstari mmoja. "Sasa vifungo nimpe nani?"

"Jishonee mwenyewe, shemeji. Mikono unayo, tena ya pande zote mbili."

Zilibaki kola. Mkasi alivua futi shingoni, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kabla ya jioni.

"Wifi, njoo. Kola ni zako."

"Zangu kivipi? Mimi nashona."

"Na magazeti nani anayakata saa ya chakula?"

Wifi, kwa mara ya kwanza tangu wawe mawifi, alishusha sauti. "Sikutaka kukunyang'anya. Nilisema tu, isije kazi ikakosa mtu."

"Najua. Mkono uliokata juzi ulikuwa mzuri kuliko habari za lile gazeti. Mkataji asiye na mtu nyuma yake halali, wifi, na mimi nataka kulala. Kuanzia leo kola zote ni zako. Mwakani mikono. Na wewe ukizeeka utafute wako."

Akamvisha futi shingoni, akamwekea mkasi mkononi. Wifi akaipima kola.

"Kumi na sita na nusu."

"Tazama dirishani."

Akatazama. Barabarani mtu alikuwa anasukuma baiskeli yenye pancha.

"Soma tena."

"Kumi na sita na nusu."

"Uko macho," Mkasi akasema. "Kata."